Damu ya Baba Mkwe

Nawaandikia hasa nyinyi mnaokaa kwenye mabenchi ya hospitali mkisubiri jina la mgonjwa wenu liitwe, na wewe uliyelala kitandani unaambiwa damu imepungua wala hujui imekwenda wapi. Mimi nililala kitanda hicho. Sasa nimepona, nina nguvu za kugombana na watu kama zamani, ndiyo maana naweza kusimulia. Ya kitaalamu waulizeni wataalamu. Mimi nitasema ninayoyajua: jinsi mwili wangu ulivyomwagika, jinsi ulivyojazwa, na nani aliyeujaza.

Jina langu ni Minza, Msukuma wa Misungwi. Nimeolewa na Mjita aitwaye Masatu, na miaka hiyo tulikuwa tumepanga vyumba viwili Buzuruga, nyuma ya stendi. Masatu alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha nguo, kama wenzake wengi wakati mashirika yanauzwa, akabahatika kuajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Alikuwa akirudi jioni, paka wote wa mtaa wanamsindikiza mpaka mlangoni.

Kabla sijafika kwenye damu, lazima mjue habari za kikohozi cha baba mkwe wangu. Nyumbani kwa akina Masatu, baba mkwe na mkamwana hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawalali nyumba moja, na ikiwezekana hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Mzee Bwire, fundi mitumbwi wa Majita, akija mjini alifikia kwa dada yake, Shangazi Nyangeta, jirani yetu kabisa. Akitaka kuingia uani kwetu alisimama kwenye mlango wa mabati akakohoa. Kho! Mara moja tu, kikohozi kikavu. Nami nilikusanya kanga zangu nikaingia ndani na kushusha pazia, ndipo apite akakae kwenye kigoda chake. Salamu zangu zilipitia kwa Shangazi.

"Mkamwana wako anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba."

Na mimi niko pale pale nyuma ya pazia, nasikia yote! Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa bila kuijua vizuri sura ya mzee huyo. Nilikijua kikohozi.

Vuli ilipoanza nilijifungua mtoto wa kike, Veronika. Nilijifungua salama, nikarudi nyumbani, na Mzee Bwire akaja kutoka Majita kumwona mjukuu. Kumbe kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki tumboni, kimetulia tu, kinanisubiri. Asubuhi moja jua limeshapanda, Masatu yuko kazini, Shangazi yuko sokoni, mimi niko uani nafua nepi. Nikahisi kitu cha moto kinashuka miguuni. Nikainama kutazama, nikaona ardhi imelowa nyekundu.

Hakukuwa na maumivu, na hilo lilinishangaza mno. Siku zote nilidhani mtu akitokwa na uhai anaumia. Mimi niliona tu dunia inafifia. Masikio yalianza kuvuma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, midomo ikafa ganzi, na nguo zangu zilizoanikwa kambani zikawa zote rangi moja, rangi ya majivu. Nilijikokota kuingia chumbani nikajisitiri, maana hata kufa mwanamke anataka afe amejifunika. Nikaangukia ndani ya kizingiti.

Hapo ndipo niliposikia: kho!

Mayu wane, mama yangu! Nilitaka kusema, baba, ingia. Ulimi ukakataa. Mtoto analia kitandani, mimi niko chini, na mzee wa watu amesimama nje ya mabati anasubiri nipishe njia. Akakohoa tena. Akangoja. Akakohoa mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa wakubwa zake. Kisha nikaziona katambuga zake zinavuka kizingiti changu.

"Mkamwana," alisema, "unisamehe." Akanibeba.

Safari yenyewe siikumbuki vizuri. Nakumbuka harufu ya samaki, kwa kuwa jirani alitupakia kwenye pikapu yake ya kubebea sangara, na nakumbuka kiganja kigumu cha fundi mitumbwi kikizuia kichwa changu kisigonge bati. Mama wa nyumba ya pili alikaa mbele na mtoto.

Hospitali kubwa walinipokea haraka, Mungu awabariki. Daktari alinisafisha na damu ikaacha kutoka. Lakini iliyokwisha kutoka ilikuwa imetoka. Sista mmoja mrefu, Mhaya mwenye sauti ya upole, alishusha kope la jicho langu kwa kidole, akatazama. Nami nilitazama viganja vyangu. Vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo, hata mistari haionekani. Kucha pia. Nilikuwa na baridi, meno yanagongana, na moyo wangu unakimbia mbio wakati mimi nimelala kitandani kama gogo. Kiu ndiyo usiseme. Ningeweza kulinywa ziwa lote, na magugu maji yake.

"Anahitaji chupa mbili," Sista aliwaambia ndugu kwenye benchi la koridoni. "Kwenye friji tunayo moja ya kundi lake. Wanafunzi wa ualimu wa Butimba walikuja kutoa juzi. Ya pili mtafute nyinyi, na mtafute sasa hivi."

Yaliyotokea kwenye benchi nimesimuliwa na Masatu, na Shangazi naye kwa namna yake, nami nimeyachanganya. Masatu alifika mbio na buti zake nyeupe za kiwandani, Shangazi naye akaja kutoka sokoni. Akapimwa, kundi lake halilingani na langu. Kaka yangu Shija, aliyekuwa na kibanda cha mitumba karibu na stendi, naye akaletwa. Sista akasema atakayetoa damu atapimwa kwanza magonjwa mengine, na ule ugonjwa pia. Miaka ile tulikuwa tunazika kila wiki, na ugonjwa wenyewe tulikuwa hatuutaji jina. Benchi likaanza kupungua watu. Shija akasema ana njaa, ngoja akanywe chai kwanza. Chai hiyo anainywa mpaka leo. Simlaumu, jamani. Mtu anaweza kumpenda dada yake na bado akaiogopa sindano inayosema ukweli.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Hawakuwahi kuiona ikitafutwa koridoni.

Ndipo Mzee Bwire, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na damu yangu imemkaukia shatini, akasimama. "Nipimeni mimi."

"Bwire!" Shangazi Nyangeta aliruka. "Umerukwa na akili? Huyo ni mkamwana wako!"

"Najua ni nani."

"Hupaswi hata kumshika mkono, leo umwingie mwilini? Damu yako ikiwa ndani yake atakuwa nani? Si atakuwa mtoto wako? Na Masatu atakuwa amelala na nani, dada yake?"

Koridoni kote watu wakageuza shingo. Masatu aliniambia alitamani ardhi ipasuke.

"Akifa," mzee akajibu, "hatakuwa mkamwana wala mtoto. Sista, chukua."

Akapimwa. Kundi likalingana, na damu ikaonekana safi kabisa. Masatu anasema baba yake alikunja mkono wa shati taratibu kama anayekwenda kupasua mbao.

Chupa ya kwanza, ya mwanafunzi wa Butimba, ilitoka kwenye friji. Ilikuwa baridi, nikahisi mkono unaganda mpaka kwapani, Sista akanifunika mablanketi mawili. Ya pili ililetwa ikiwa bado na uvuguvugu. Mimi sikuambiwa ni ya nani. Niliona tu tone linashuka, tone linashuka, na baadaye kidogo joto likapanda kwenye bega, likavuka kifuani, likashuka tumboni. Mvumo wa masikioni ukatulia. Halafu rangi zikarudi! Nakwambia niliona pazia la dirishani lina maua ya njano, na nilikuwa nimelitazama mchana kutwa nikidhani ni jeupe. Niliyatazama maua yale nikalia. Kwamba uhai wa mtu unaweza kutiwa ndani ya chupa, ukatundikwa kwenye chuma, ukaingia kwa mtu mwingine bila kuuliza kabila wala jina! Nimekwenda kanisani tangu utotoni, lakini sijawahi kustaajabu kama siku ile.

Nje ya dirisha la wodi nikasikia kikohozi. Kimoja tu.

"Shangazi," nikanong'ona, "baba yuko nje?"

"Yuko nje," akasema, kauma midomo. "Na yuko ndani pia."

Basi ndivyo nilivyojua.

Kama mnadhani mambo yaliishia hapo, hamumjui Shangazi Nyangeta. Siku ya kuruhusiwa alikuja na hoja yake ile ile, tena ameifua na kuipiga pasi. Haiwezekani nirudi nyumbani kwa Masatu, mambo haya yana laana, watoto watazaliwa vipofu. Masatu akakasirika. Mimi nilikuwa kitandani na Vero kifuani, nimedhoofu, maziwa hayatoki, nywele zinabaki kwenye kitana, na naona ndoa yangu inajadiliwa mbele yangu kama ng'ombe mnadani.

"Na yule mwanafunzi wa Butimba je?" niliuliza. "Naye ni ndugu yangu?"

"Huyo hatumjui," Shangazi akajibu, "kwa hiyo hayupo."

Mzee Bwire alikuwa mlangoni, amegeukia nje kama ilivyo desturi. Akamwita Sista.

"Mama, hiyo damu yangu itakaa mle ndani mpaka lini?"

Sista alitaka kucheka, akaona mzee hatanii. "Damu ya kuongezwa haikai milele, mzee. Inakufa kidogo kidogo. Miezi mitatu, minne hivi, itakuwa imekwisha, na yeye atakuwa ametengeneza ya kwake."

Mzee akafikiri. Kisha akageuka. Kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni, nami nikamwangalia. Ana macho ya hudhurungi, moja lina kovu dogo pembeni.

"Basi kwa miezi hiyo ni binti yangu," akasema. "Na binti yangu akiumwa huja kula kwangu. Damu ikiisha, Masatu atakuja kumchukua mke wake. Dada, una neno?"

Mwenye maneno mengi nilikuwa mimi! Nani aliniuliza? Nilidhani ni talaka ya kistaarabu. Nawajua wanawake waliopelekwa "kupumzika" ukweni, wakirudi wanakuta mwenzao anapika jikoni mwao. Nilimwambia Masatu, akiingia mtu chumbani kwangu, hata paka, nitarudi kwa miguu. Akaapa kwa jina la mama yake. Nilikwenda, lakini nilikwenda nikinung'unika.

Kwenye basi la Musoma mzee alisimama pembeni ya kiti muda mrefu, hajui akae wapi. Siti ilikuwa moja tu, kando yangu. Kondakta akapiga kelele, "Mzee, kaa basi na binti yako!" Mzee akakaa. Tulifika mbali wote tumekaza shingo. Halafu Vero akaanza kulia, mzee akamchukua akamweka begani, akasema, "Lala kidogo, Minza." Alikuwa hajawahi kutamka jina langu. Nikalala.

Sasa niwaambie ambalo hamlijui. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa sijaota meno. Sikuwa najua kukaa na baba kukoje. Siku ya kwanza Majita mzee aliomba maji, akanawa, ukaletwa ugali wa udaga, ule wa muhogo, na sato mzima, akaniita tule sahani moja. Nikakaa mbali kidogo. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili tu na binamu yake aliyepika. Mzee alimchambua yule samaki miiba, akasogeza minofu upande wangu.

"Kula. Hiyo damu niliikopesha mtu, sikuimwaga."

Nikacheka. Kumbe mzee ni mtani! Miaka yote ile nyuma ya pazia nilikuwa napitwa na uhondo.

Kila asubuhi, nikishameza vidonge vyangu vya kuongeza damu, vile vinavyofanya choo kiwe cheusi mpaka unajishtukia, aliniita pale alipokuwa anachonga mtumbwi. "Leta mkono." Alikishika kiganja changu kwa vidole vyake vyenye lami, akakigeuza kwenye jua, akakibonyeza na kukiachia, akatazama wekundu unavyorudi. Mwanzoni haukurudi. Nilikuwa nikitoka kitandani mpaka mlangoni napumzika njiani. Nilitamani udongo, nilikuwa nabandua udongo wa ukuta nautia mdomoni, mzee akanikamata. "Binti, utanibomolea nyumba," akasema, na jioni yake ikaletwa mboga ya maini.

Taratibu kiganja kikaanza kuitika. Maziwa yakajaa, Vero akanenepa mpaka mikono ina mikunjo. Mvua za vuli zikaisha, upepo ukayasukuma magugu maji yakaziba ufuko wote, mitumbwi ikakwama, mzee akalaani siku nzima kwa Kijita na mimi nikawa namjibu kwa Kisukuma. Tuligombana juu ya chumvi. Alinionyesha jinsi ya kuziba upenyo wa mbao kwa pamba na lami. Masatu alikuwa akija mwisho wa mwezi, analala nyumba ya binamu, ananitazama kwa mbali kama mchumba, na niseme ukweli, haikuwa vibaya.

Lakini hesabu moja ilikuwa inanisumbua. Kadiri kiganja kilivyokuwa chekundu, ndivyo damu yake ilivyokuwa inaisha. Kupona kwangu ndiko kulikokuwa kunaniondolea baba. Asubuhi nyingine nilichelewa makusudi kumpelekea mkono. Naye, naapa, siku nyingine alisahau kuita.

Masika ilipotoa mvua yake ya kwanza, Masatu alikuja na begi. Mzee alikuwa akipaka lami mtumbwi. Aliweka brashi chini, akafuta vidole.

"Leta mkono."

Akakigeuza kwenye mwanga. Akabonyeza, akaachia. Wekundu ukarudi papo hapo. Alikishika muda mrefu kuliko siku zote, akiutazama ule mstari wa katikati.

"Hii sasa ni ya kwako yote," akasema.

"Labda imebaki kidogo, baba. Angalia vizuri."

"Nimeangalia vizuri, mwanangu."

Akauachia mkono wangu. Akageuka, akatazama ziwani, na alipokuwa amenipa mgongo nikasema shikamoo. Alimwambia Masatu, "Mwambie mkeo marahaba. Mwambie aende salama."

Nililia kutoka Majita mpaka Bunda, Masatu ananipigapiga mgongoni, abiria wanadhani tumefiwa. Mpaka leo sijui kama mzee aliyaamini yale ya damu, au alimtafutia mkamwana wake aliyechoka mahali pa kupumzika kwa lugha ambayo dada yake angeikubali. Sijamuuliza. Nitamuulizaje, na hatuzungumzi?

Alikuja Buzuruga wakati wa kuvuna mpunga. Nilikuwa uani naosha vyombo, nikasikia kwenye mabati: kho! Mikono ikaniganda ndani ya maji. Nikasimama, nikajifuta, nikaingia ndani, nikashusha pazia, moyo unanidunda kama siku ile nilipokuwa sina damu. Mkamwana hajibu, hiyo ndiyo desturi. Lakini nilikumbuka kuna asubuhi alikohoa mara tatu na mimi nikanyamaza.

Nikakohoa. Kho! Kikavu, kimoja.

Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kile kile cha Majita, akapita akakaa kwenye kigoda chake. Tangu hapo ndivyo tunavyofanya, na hata Shangazi Nyangeta ameshindwa kupata kifungu cha kutushtaki.

Nyinyi wa kwenye benchi, mkiitwa, ingieni. Sina la zaidi la kuwashauri. Juzi Vero, ambaye sasa anaongea kuliko redio, alikuwa nami nyuma ya pazia babu yake alipofika mlangoni. Alinisikia nikijibu, akaninong'oneza kwa wasiwasi:

"Mama, babu anaumwa kifua?"

"Haumwi," nikamwambia. "Ananisalimia."